Siku Baba Alipokata Sale

Baba yangu alifika Moshi na begi moja, mwavuli na mfuko wa kahawa za kutafuna, akakaa kwangu karibu wiki nzima bila kuupenda mti hata mmoja.

Mimi ni mtu wa Bukoba. Nafanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha sukari, huku chini kwenye tambarare, na kazi yangu ni kupima utamu wa miwa kabla haijakamuliwa. Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ni mgane, anaishi peke yake katikati ya migomba aliyoipanda babu yake, na kabla ya safari hii hakuwahi kuvuka Mwanza. Nilipopata nyumba ya kiwanda yenye vyumba viwili nikamwambia aje anione. Akaja kwa basi, na njia nzima, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa anatafuta mti anaoujua.

"Shinyanga sikuuona," alinieleza jioni ile, akiwa bado amevaa koti. "Singida nikaona mawe, mazuri lakini mawe. Nikasema labda mbele. Nikasinzia, nikaamka, naona migunga. Mgunga nao ni mti, mwanangu? Miiba mingi kuliko majani?"

"Ni mti, Baba."

"Basi sawa. Mimi ni mgeni."

Mbele ya nyumba yangu kuna mwarobaini mkubwa, na majirani wote huja kukaa chini yake jua likiwa kali, yaani kila siku. Nikamwekea Baba kiti pale. Akakaa kidogo, akakirudisha ndani mwenyewe.

"Huo ni mti wa dawa," alisema. "Mtu akikaa chini ya dawa kutwa nzima, watu watauliza anaumwa nini."

Usiku hakulala vizuri. Alisema amezoea kusikia majani ya mgomba yakipigwa na upepo, na kwamba huku upepo ukipita unapita kimya kama mtu mwenye deni. Mimi nikaanza kuogopa kwamba atakatisha likizo yake na kurudi. Nilimsimulia jambo hilo mwenzangu wa maabara, binti wa Kichagga ambaye meza yake na yangu zinatazamana. Alicheka mpaka akaweka chini chupa aliyoishika.

"Baba yako anaumwa migomba," alisema. "Jumamosi tunampeleka kwetu Machame. Migomba ya huko atakimbia mwenyewe."

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi tukaenda kumfuata kwake, anakaa Rau, na tukaingia kwenye kigari chake cheupe. Baba alikaa mbele kwa heshima ya umri, mwavuli katikati ya magoti. Tulikuwa hatujamaliza hata mtaa mmoja, tunapita pembezoni mwa msitu, akapiga dashibodi kwa kiganja.

"Simamisha! Simamisha, mama!"

Rafiki yangu akakanyaga breki akidhani amegonga mbuzi. Baba alikuwa ameshafungua mlango. Akavuka mtaro kwa hatua moja ndefu ambayo sikujua bado anayo, akaenda mpaka kwenye shina moja nene ajabu, akalipapasa, akainua kichwa kutazama juu mpaka kofia ikadondoka.

"Mvule!" alitupigia kelele. "Mwanangu, ni mvule!"

"Tunauona, Baba."

"Mawe!" alishangaa kwa Kihaya. "Huyu amekula nini?"

Kwetu mivule imebaki michache, mingine yote imekuwa milango. Huu ulikuwa mrefu kiasi kwamba ungeweza kuwa milango ya kijiji kizima, na mtu akabaki na mbao za madawati. Baba aliuzunguka wote, mkono mmoja kwenye gome, akatokea upande wa pili akiwa mtu tofauti. Aliporudi kwenye gari alijifunga mkanda bila kuambiwa.

"Haya," alisema. "Twendeni tukaone kuna nani mwingine."

Ndivyo alivyosema: nani.

Tulipoiacha barabara kuu ya kwenda Bomang'ombe na kuanza kupanda, Baba akashusha kioo chote, akatoa kichwa. Hewa ilikuwa inapoa. Migomba ikaanza, kwanza mmoja mmoja, halafu ukuta mzima kulia na kushoto, na chini yake mibuni, na kati yake miparachichi. Baba alikuwa anaita kila mmoja kama anayeita mahudhurio ya darasa.

Wakati huohuo rafiki yangu alikuwa ananieleza jambo muhimu, akinitazama kwenye kioo cha kati.

"Kuna kitu nikwambie kabla hatujafika. Tukifika nyumbani msiulize habari za jirani."

"Mgrevilea!" alisema Baba. "Kwetu tumeupanda kwenye uzio wa shule!"

"Jirani yupi?" nikauliza.

"Wa upande wa juu. Yeye na baba yangu hawaongei. Walikuwa marafiki tangu utoto, wote wanaimba besi kwenye kwaya ya kanisa. Siku moja mazoezini, mbele ya watu, jirani akasema sauti ya baba ni kama mashine ya kusaga iliyoishiwa dizeli."

"Haa!"

"Sasa na baba naye akajibu. Akasema, 'Na wewe ukiimba, ng'ombe wangu anakata maziwa.' Basi. Huu mwaka wa tatu. Kwaya ikabaki haina besi, wamewekwa vijana wawili hata ndevu hawana."

"Na wewe uko huku!" Baba alikuwa anauambia mpera.

"Hakuna mtu wa kuwapatanisha?" nikauliza.

"Mchungaji ameshindwa. Ukoo umeshindwa. Kila mmoja anasubiri mwenzake alete sale."

Mimi nilisikia "sare". Nikaelewa kwamba kuna sare za kwaya, labda mashati au yale majoho yenye kola nyeupe, na kwamba kila mzee ameficha ya mwenzake kabatini na hataki kuwa wa kwanza kurudisha. Nikaona ni ugomvi wa kitoto lakini unaeleweka. Sikuuliza zaidi. Baba hakusikia chochote, kwa sababu alikuwa ameona mgomba wenye mkungu mkubwa na ameanza kuzozana nao kuhusu jina lake.

Nyumbani kwa rafiki yangu tulipokewa kama watu waliotoka mbali, na kweli tulitoka mbali. Nyumba ya bati la bluu, banda la ng'ombe pembeni, na kihamba chao, yaani shamba lao la migomba na kahawa, limeizunguka nyumba pande zote mpaka mlangoni. Baba yake ni mzee mrefu, mwembamba, mwenye sauti nzito kweli. Alipotukaribisha nilihisi karibu hiyo kwenye mbavu. Nikamwamkia shikamoo. Yeye na Baba wakashikana mikono na kuulizana umri kwa njia ile ya wazee ya kutaja wamemaliza shule lini, wakakuta wamelingana.

"Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu," alisema mwenyeji wetu.

"Amina. Nanyi ni Walutheri?"

"Tangu babu. Unaimba?"

"Besi," alisema Baba.

Mwenyeji akamtazama kwa namna ya mtu aliyekutana na nduguye safarini. Akamketisha kwenye kiti kizuri. Baba naye akatoa mfuko wake wa kahawa, zile tunazochemsha na kukausha na maganda yake, akammiminia kiganjani.

"Mnaisaga wenyewe?" aliuliza mzee.

"Hatusagi. Unatafuna."

Mzee huyu amelima kahawa maisha yake yote. Akaweka moja mdomoni kwa adabu, akatafuna kwa muda mrefu sana, akameza. Akasema ni kitu kizuri. Zilizobaki akazitia kwenye mfuko wa shati, na mfuko akaufunga kifungo.

Chakula kilikuwa bado. Mama wa nyumba, mwanamke mfupi mcheshi mwenye kitenge kilichofungwa kifuani, alikuwa jikoni anaponda ndizi za mtori. Baba alipita mlangoni pa jiko, akasimama, akaona ndizi zinavyopondwa kwa mwiko, akaninong'oneza kwa Kihaya:

"Hizo ndizi zimekosa nini?"

Nikamwambia aende akatembee shambani.

Hapo ndipo nilipokosea hesabu. Nilidhani mtu aliyezaliwa ndani ya migomba hawezi kupotea ndani ya migomba. Nikabaki jikoni nikimenya vitunguu na kupiga umbea wa kiwandani. Baadaye mama akasema, "Mfuateni Mwalimu, chakula kinaiva." Nikaenda.

Nilimkuta mbali, kwenye mpaka wa juu wa shamba, mahali ambapo mfereji mdogo wa maji unapita. Pale palikuwa na mstari wa mimea mirefu yenye mashina membamba na majani marefu ya kijani, yamejikusanya juu kama nywele zilizoamka vibaya. Baba alikuwa na kisu chake cha mfukoni mkononi, na uso wake ulikuwa umejaa furaha kiasi cha kunitia aibu kidogo.

"Unauona?" aliniuliza. "Mulamula!"

Ulikuwa mulamula kweli. Kwetu unapandwa mipakani, kati ya shamba na shamba. Hata makaburi ya babu zangu yamezungukwa nao. Sikuwa nimewahi kuutambua huku, kwa sababu, kusema kweli, sijawahi kutazama.

"Nimekata mmoja," alisema Baba, akiniinulia shina lenye kishungi cha majani. "Nitakupandia pale kiwandani mbele ya mlango, ule mwarobaini upate mtu wa kuongea naye."

"Umeomba ruhusa?"

Uso ukashuka. "Nitaomba tukirudi. Ni mmoja tu." Akachukua majani yale marefu, akayaviringa na kuyafunga fundo ili yasimchome machoni, kama anavyofunga kila mche anaoubeba. Tukageuka kurudi.

Njia za kihamba zote zinafanana. Mgomba, mbuni, mgomba, mfereji. Mgomba, mbuni, mgomba, mfereji. Baba alitangulia, akisema anajua kusoma shamba. Tuliruka mfereji mara moja, nikadhani tumeuruka pia mara ya pili, na tukatokea nyuma ya nyumba ya bati la bluu yenye banda la ng'ombe pembeni.

"Si nilikwambia?" alisema Baba.

Ila kwenye uwanja ule alikuwa amesimama mzee mfupi, mnene, mwenye mabuti ya mpira, anamkatia ng'ombe majani. Sikuwa nimemwona kabla. Nilidhani ni mgeni mwingine aliyealikwa chakula.

"Hodi hapa," alisema Baba.

Mzee akageuka. Akamwona Baba. Kisha macho yake yakashuka mpaka kwenye ule mmea, yakakaa hapo. Akaliweka panga chini taratibu. Akavua kofia.

"Mmetokea kule?" aliuliza, akinyoosha kidevu upande tuliotoka.

"Ndiyo, tumetokea kule," alisema Baba.

"Kwa mzee?"

"Kwa mzee mwenyewe. Ametupokea vizuri mno."

"Na hicho ulichoshika," sauti ya yule mzee ikaanza kutetemeka, "kimetoka kwake?"

Baba aliingiwa na aibu. Alijua amekamatwa. Kwa mawazo yake, huyu alikuwa ndugu wa familia, na ameuona uzio wao umekatwa na mgeni hata kabla hajala chakula chao. Mwalimu aliyefundisha watoto maisha yake yote kwamba cha mtu si chako, leo ameshika cha mtu. Akauinua ule mmea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Ni chake," alisema. "Nisamehe, mzee wangu."

"Umesema?"

"Naomba msamaha."

Yule mzee akapiga magoti kwenye majani ya ng'ombe. Akaupokea mmea kwa mikono miwili, akaugusisha kwenye paji la uso, na machozi yakamtoka kabisa, machozi yenyewe. Akaita jina la mkewe kwa sauti ambayo ilipita juu ya migomba na nadhani ilifika mpaka barabarani. Ilikuwa sauti nzito. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kwamba kuna jambo.

Mkewe akatoka mbio na unga mikononi, akaona, akapiga vigelegele.

"Mwanangu," Baba aliniambia kwa Kihaya, bila kugeuza kichwa, "watu hawa wanapenda miche."

Mambo yalikwenda haraka. Mke akaingia ndani, akatoka na dumu la mbege, pombe yao ya ndizi. Mzee akanawa uso bombani, akavaa koti juu ya mabuti, akamshika Baba mkono kama bwana harusi anavyoshikwa, na tukaanza safari ya kurudi kule tulikotoka, yeye mbele na mmea ule ameuinua juu, mke nyuma na dumu na vigelegele, mimi katikati. Kumbe njia ilikuwa fupi sana kama mtu anaijua.

Mwenyeji wetu alikuwa barazani anaangalia kama chakula kiko tayari. Alipotuona tukitokeza migombani alisimama.

"Nimekusamehe!" jirani alimwambia toka mbali. "Nimekusamehe, ndugu yangu! Mwisho leo!"

Mwenyeji akatazama nyuma yake, kama anayeangalia ni nani anayesemeshwa.

"Umenisamehe nini?"

"Yote!"

"Nani amekuomba?"

Jirani akauinua ule mmea. "Sale lako hili limesema."

Rafiki yangu alikuwa ametoka jikoni na sahani. Alinivuta mkono, akanirudisha nyuma ya mlango. Uso wake ulikuwa katikati ya kulia na kucheka.

"Baba yako amempelekea jirani sale?"

"Sare gani? Hatukuwa na sare. Alikata mulamula."

"Sale! Sio sare! Ule mmea ni sale! Mtu akimkosea mwenzake anafunga sale, anampelekea, anaomba msamaha, na mwenzake hawezi kukataa. Ni mila. Hata kama amemuulia ng'ombe, hakatai."

"Ukifunga fundo?"

"Fundo ndiyo lenyewe!"

Nikamweleza kuhusu macho ya Baba na kwa nini alifunga. Akakaa chini kwenye gunia la mkaa. Mama yake, aliyekuwa amesikia kila neno huku akikoroga mtori, alifunika sufuria, akatugeukia akiwa mtulivu kabisa.

"Nyamazeni," alisema. "Wote wawili. Mimi na yule mama huko tunaongea kila siku tukipeleka maziwa, tukiagana tunajifanya hatujuani. Nimechoka. Mungu ametuma Mhaya; nani atamrudisha?"

Nje, mambo yalikuwa yamekwama. Mwenyeji wetu alikuwa anasema hakuomba msamaha, hajaomba, na hana sababu ya kuomba, kwa sababu aliyetukanwa kwanza ni yeye, na mashine ya kusaga imetajwa kabla ya ng'ombe. Jirani alikuwa anasema msamaha umeshatolewa na hauwezi kurudishwa kama sufuria. Wakaanza kujadili mila. Aliyepokea sale ni lazima asamehe, hilo walikubaliana. Lakini mtu ambaye amesamehewa bila kuomba, anapaswa kufanya nini? Hakuna aliyewahi kusikia kesi ya namna hiyo. Jirani alisema babu yake angejua. Mwenyeji alisema babu yake yeye ndiye angejua. Wakawa karibu kugombania mababu.

"Tumuulize Mwalimu," alisema mwenyeji mwishowe. "Mwalimu, nilikutuma?"

Wote tukamtazama Baba. Mama wa nyumba alikuwa mlangoni, mwiko mkononi, na alimkazia macho ya kumwambia aseme uongo. Mimi pia nilimkazia macho. Lakini Baba ni mtu ambaye alishawahi kumfelisha mtoto wake mwenyewe darasa la tano, na mtoto huyo ni mimi.

"Hukunituma," alisema. "Mimi nilitaka mche tu."

Ng'ombe akatikisa kengele. Jirani akatazama sale mikononi mwake, na uso wake ulivyosinyaa nilitamani ardhi inipokee.

Baba akakohoa. Akasimama, akashika mwavuli nyuma mgongoni kama fimbo ya ubaoni.

"Naomba niseme kidogo. Huu mti kwetu upo. Nilipouona hapo juu nilifurahi, ndiyo maana nikasahau adabu. Kwetu unaitwa mulamula. Kulamula kwa Kihaya ni kuamua, kumaliza shauri. Watu wakigombana mpakani, unapandwa huo, na ukishapandwa, shauri limekwisha. Hauulizwi nani aliutuma."

Wazee wale wawili walimsikiliza kama watoto wa darasa la tatu.

"Kwa hiyo umeamua," alisema jirani.

"Umeamua nini?" aliuliza mwenyeji.

"Kwamba nimekusamehe."

"Wewe hunisamehe! Mimi ndiye wa kukusamehe wewe!"

"Basi nisamehe."

Neno lilikuwa limeshatoka. Jirani mwenyewe alionekana kushtuka, akatazama huku na huku kama linaweza kukamatwa. Mwenyeji wetu aliinamisha kichwa, sikio moja mbele.

"Sema tena."

"Sirudii."

"Sikusikia vizuri."

"Umesikia. Hata Mwalimu amesikia. Hata ng'ombe wako amesikia, na maziwa hajakata."

Mwenyeji alijaribu kubaki na sura ya hasira. Alikunja midomo, akatazama paa, akashika kifungo cha mfuko wake wa shati. Halafu kicheko kikamtoka puani kwanza, kisha kikamtoka mzima, kizito, akakaa kwenye ngazi ya baraza akicheka. Jirani akakaa karibu naye, bado na koti na mabuti. Mwenyeji akampa mkono. Kisha akafungua mfuko wa shati na kumpa kahawa zote za Baba.

"Tafuna," alisema. "Hiyo ndiyo adhabu."

Tukala pamoja, watu wote, kwenye meza iliyotolewa nje. Baba alipewa mtori bakuli kubwa kuliko wote. Aliutazama, akafumba macho kidogo, akala. Akaongezwa. Akala. Mbege ikazunguka kwenye kibuyu kimoja, Baba akaionja na kutangaza kwamba ni ndugu wa rubisi yetu, labda mtoto wa mama mdogo, na kuanzia hapo hakuhitaji kubembelezwa. Wazee wakaanza kuulizana nyimbo za kanisani: je, kwenu mnaimba huu, na huu je, beti la tatu lenu linasemaje. Kumbe nyimbo ni zilezile, ila sisi tunakwenda polepole na wao wanakimbia.

Halafu wakaimba.

Mimi siyo mtu wa muziki. Nasema nilichokisikia tu. Besi tatu, hakuna sauti nyingine ya juu wala ya kati, kila mmoja akijaribu kwenda chini zaidi ya mwenzake. Vikombe vilikuwa vinatembea mezani. Kuku waliondoka. Rafiki yangu alificha uso kwenye kitenge cha mama yake. Walipomaliza, walikaa wakiwa wamependezwa sana na nafsi zao, na Baba akaniinamia sikioni akaniuliza kwa Kihaya ni yupi kati yao aliyeitwa mashine ya kusaga. Kumbe kwenye gari alikuwa anasikia.

"Huyu wetu mrefu," nikamjibu.

Akafikiri. "Waliionea mashine," alisema.

Kuhusu mche wake, hakuupata. Sale lile lilikuwa limeshafanya kazi, na jirani alilipeleka nyumbani kwake. Baba alipojisogeza tena upande wa juu wa shamba akiwa na kisu chake, mama wa nyumba alimkimbilia na kumshika mkono, akimwomba, "Mwalimu, tafadhali, hapa tumeshapatana wote." Walimpa badala yake mche wa parachichi na mkungu wa ndizi ambao ulijaza kiti chote cha nyuma, nami nikakaa nao magotini.

Manyunyu yalianza tulipokuwa tunaagana, na kigari kikateleza kwenye tope la njia ya nyumbani, kikagoma kupanda mpaka barabarani. Wazee wawili wakavua makoti, wakaenda nyuma kusukuma. Kwanza ilibidi waamue nani ahesabu. Mwenyeji akasema ni gari la binti yake. Jirani akasema yeye ameendesha malori ya kahawa toka ujana na anajua gari linasukumwaje. Mmoja akasema "moja", mwingine akasema "tatu", gari likaruka mbele, na jirani akabaki amekaa kwenye tope hadi kiunoni. Tulipofika juu tukasimama kuwapungia. Mwenyeji alikuwa amemshika mwenzake kwapani anamwinua, wote wawili wakizozana kwa nguvu, na mvua ikiwanyeshea vizuri.

"Tuwaache," alisema rafiki yangu. "Wana miaka mitatu ya maneno."

Baba alikuwa ameshasinzia, kichwa kwenye kioo.

Jumatatu kazini rafiki yangu aliniambia kwamba Jumapili wazee wale walirudi kwenye kwaya pamoja, wakakaa mstari wa nyuma bega kwa bega, na kwamba mwalimu wa kwaya, kijana mpole aliyewazoea wale vijana wasio na ndevu, baada ya ibada, masikio yakiwa bado yanamvuma, alitaka kujua kwa upole ni nani hasa aliyewapatanisha.